Samaki wa Kubanika Asiye na Shombo: Maswali Yenu ya Jikoni

Wapendwa wasomaji, msimu wa sherehe umefika na simu yangu imejaa maswali ya samaki tu, na sio wa kukaanga, wote mnataka kubanika kwenye makaa nje uwanjani. Nimefurahi sana manake watu wengi huku wakisema muchomo wanawaza mbuzi na nguruwe na kuku, samaki anabaki wa kukaangwa kwenye mafuta mengi mpaka anakauka kama mbao. Nimechukua maswali machache, mengine nimejibu kirefu kwa sababu yanastahili.

SWALI: Habari mama. Mimi naishi Ntinda, nimeolewa na mtu wa Kiruhura na wakwe zangu wanakuja wiki ijayo Jumamosi. Ni watu wa ng'ombe, mama mkwe hajawahi kuonja samaki, anasema ile harufu tu inamshinda, lakini mume wangu ameng'ang'ania tubanike samaki ili mama yake ajaribu. Nichukue samaki gani asinuke? Jirani ameniambia emmale maana bei yake ni nafuu. (Mke wa mtu, Ntinda)

JIBU: Mwanangu, emmale, yaani kambare, muache kwa siku hiyo. Sio samaki mbaya, akikaushwa kwa moshi akaungwa na karanga mimi namla mpaka nalamba vidole, ila emmale anakaa kwenye matope na vinamasi na nyama yake inabeba ladha hiyo hiyo, sasa mtu ambaye hajawahi kula samaki ukimwanzishia hapo umemfungia mlango. Mama mkwe anataka nyama nyeupe, laini, yenye utamu wa chini chini, na huku kwetu wenye nyama hiyo wako watatu: ngege, ambaye Watanzania wanamwita sato, mputa ambaye ndiye sangara, na semutundu.

Semutundu kwa upole wa ladha anaweza kuwa wa kwanza, miiba yake sio ya kusumbua, lakini hana magamba. Na kwenye wageni wengi hakosi Msabato, na Msabato anayeshika sheria yake hali samaki asiye na magamba, utamwacha anakula kachumbari peke yake na hiyo sio heshima. Ngege na mputa wote wana magamba na mapezi, hapo hakuna wa kukataa. Kama kuna Baganda kwenye orodha yako, uliza ukoo pia kabla hujaenda sokoni, mtu wa ukoo wa Mmamba hali emmamba, yaani kamongo, kwa sababu huo ndio muziro wake, mwiko wa ukoo.

Sasa kati ya ngege na mputa, kwa mama mkwe mimi ningetoa mputa. Utashangaa kwa nini wakati kila mtu anakimbilia ngege, sababu ni miiba. Ngege ana miiba mingi kuliko mputa na mtu asiyezoea akikwamwa na mwiba mara moja basi, hakuna samaki tena mpaka kifo. Mputa anakatwa vipande vinene, mfupa mmoja mkubwa katikati unauona kwa macho, nyama inaachia kwa mapande makubwa, unampa kipande kilichotolewa mfupa kabisa. Chagua mputa wa kilo 2 mpaka 4 hivi. Wale wakubwa wa kilo 10 na kuendelea wana mafuta mengi, mafuta yakidondoka kwenye makaa moto unaruka na moshi unarudi kwenye nyama, ladha inakuwa kali na hiyo ndiyo harufu mama mkwe anaikimbia. Na usikubali kuuziwa mtoto wa mputa, aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa wala kuuzwa, na zaidi ya sheria huyo bado hajazaa, tukimla leo kesho tutakula nini.

Nenda asubuhi na mapema, Ggaba au Kasenyi au hata Busega kama ndiko karibu, na usimtazame samaki kwa mbali ukaonyesha kidole. Mshike. Tia kidole gumba chini ya kifuniko cha shavu ukinyanyue, ndani matamvua yawe mekundu kama damu ya sasa hivi, na ute wake uwe mwangavu unaoteleza, yakiwa ya kahawia au yamefifia kama matofali ya zamani rudisha hata kama muuzaji amekuita nnyabo mara kumi. Jicho liwe limetuna na jeusi lake liwe jeusi kweli, sio lenye ukungu limezama. Bonyeza mgongoni kwa kidole, nyama irudi yenyewe, alama ya kidole ikibaki huyo amelala. Alafu nusa. Samaki wa ziwani aliye freshi ananuka maji ya ziwa basi, na hapa ndipo watu wengi hawajui, shombo sio harufu ya samaki, shombo ni harufu ya samaki aliyeanza kuharibika.

Kuna shombo lingine ambalo tunajiletea wenyewe kwa kupara ovyo, na hili naomba unisikilize vizuri kwa sababu wauza samaki wanapara haraka haraka na hawamalizi. Ukimfungua ngege tumboni utaona ngozi nyembamba nyeusi imegandia ndani, hiyo ina ladha kali, chukua chumvi ya mawe uisugue kwa vidole mpaka yote itoke na tumbo libaki jeupe. Kwa ngege na kwa mputa, chini ya uti wa mgongo kuna mstari wa damu nyeusi umejificha chini ya utando, chana ule utando kwa ncha ya kisu na uukwangue kwa kijiko huku maji yanapita, toa mpaka uone mfupa. Matamvua yote yatoke. Na nyongo, jamani nyongo isipasuke, ikipasuka osha hapo hapo. Kwenye mputa ukimtoa ngozi utaona katikati ya mnofu kuna mstari mwekundu uliokolea, hiyo nyama nyekundu ndiyo yenye ladha ya nguvu kuliko yote, kwa mgeni wa kawaida iache ila kwa mama mkwe ikate kwa kisu chenye makali uitoe yote. Ukifanya haya hata viungo hutahitaji vingi, chumvi, kitunguu saumu kidogo, mafuta, na ndimu pembeni kila mtu akamue mwenyewe.

SWALI: Mama mimi kila nikibanika ngege anagandia kwenye wavu, ngozi yote inabaki juu ya chuma na samaki anavunjika vipande. Wiki iliyopita nilikuwa na wageni watu wa kazini nikaona aibu nikawapa na kijiko. Nimepaka wavu mafuta mpaka yanadondoka na bado. (Kaka wa Jinja)

JIBU: Pole sana kaka, na mimi yalinikuta siku ya ubatizo wa mwanangu wa pili, ngege kumi na wawili nikawaharibu wanane nikalia jikoni, kwa hiyo ninachokwambia nimejifunza kwa uchungu.

Shida yako inaanza na maji. Samaki akiwekwa akiwa na maji maji, yale maji yanapoza chuma, na nyama ya samaki ikikutana na chuma cha uvuguvugu inajishika hapo kama gundi. Kwa hiyo ukishampara na kumchanja mistari mitatu kila upande, mpaka kisu kigonge mfupa, mpake chumvi umwache dakika 20 hivi, utaona ametoa maji yake, yafute yote kwa kitambaa safi, nje na ndani ya tumbo na ndani ya ile mistari, mpaka ngozi ukiigusa iwe kavu. Ndipo upake mafuta, na upake samaki, sio kuumwagia wavu, mafuta mengi ya kwenye wavu yanaungua kabla samaki hajafika.

Alafu moto. Wengi mnabanika mapema mno, makaa bado yana ulimi wa moto mnatupia samaki juu, nje anaungua ndani mbichi. Subiri makaa yavae majivu meupe juu yake. Weka kiganja chako juu kama sentimita 15 kutoka kwenye wavu, ukiweza kuvumilia sekunde nne au tano ndio moto wa samaki, ukitoa mkono kwenye sekunde ya pili ni mkali mno. Sukuma makaa mengi upande mmoja wa sigiri na upande mwingine yabaki machache, ili ukiona anakimbilia kuungua uwe na pa kumhamishia. Wavu utangulie peke yake juu ya moto dakika 10 upate joto kweli kweli, usugue kwa brashi ya waya, alafu choma nusu ya kitunguu kwenye uma, chovya kwenye mafuta kidogo upitishe mara moja. Hapo hapo laza samaki, utasikia chwaaa. Usiposikia huo mlio mnyanyue haraka, chuma bado.

Ukishamlaza usimguse! Hapa ndipo wanaume mnaposhindwa, kila dakika mnamchungulia. Samaki akiiva upande mmoja ngozi inakauka na inaachia chuma yenyewe, ukimjaribu kwa ncha ya kisu akakataa maana yake bado, mpe dakika mbili tena. Ngege wa gramu 800 mpe dakika 8 mpaka 10 kila upande na umgeuze mara moja tu, kwa sepeto pana iliyopita chini yake yote, usimshike mkia. Kama mkono wako haujatulia nunua ule wavu wa pande mbili unaofungwa na ndoano, mafundi wa Katwe wanautengeneza vizuri, samaki anakaa katikati na ukitaka kugeuza unageuza wavu.

SWALI: Nimechimba bwawa Mukono, ngege wangu wamekua vizuri ila nikila wana ladha ya udongo. Wateja wameanza kulalamika. Ni chakula ninachowapa? (Mfugaji)

JIBU: Mara nyingi sio chakula moja kwa moja, ni maji. Kwenye bwawa lenye mwani mwingi na matope chini kuna vijidudu vinavyotengeneza kitu kinaitwa jiosmini, na hicho unakijua hata kama jina ni geni kwako, ni ile ile harufu ya udongo mvua ya kwanza ikipiga ardhi kavu. Nje inanukia vizuri, kwenye nyama ya samaki haifai. Samaki anakivuta kupitia matamvua na kinakwenda kukaa kwenye mafuta yake, na pua na ulimi wa mtu vinakihisi hata kikiwa kidogo kabisa ndio maana wateja wamekushtukia. Chakula kinachangia kwa njia ya pembeni, ukiwalisha kupita kiasi mabaki yanaoza chini na mwani unastawi.

Dawa yake ni kuwasafisha kabla ya kuuza. Jenga tangi dogo la maji safi yanayoingia na kutoka, wahamishie wale wa kuuza, usiwape chakula, wakae siku kadhaa mpaka wiki, ladha inatoka yenyewe kidogo kidogo. Onja mmoja kabla hujawavua wote, mchemshe bila chumvi bila chochote, ulimi utakwambia. Kwa yule ambaye tayari yuko jikoni na ana hiyo ladha, mtoe ngozi na mafuta ya tumboni na ile nyama nyekundu ya katikati, alafu mloweke kwenye maji ya ndimu au siki dakika 15, tindikali inaivunja hiyo jiosmini. Itapungua sana, ila mteja anayelipa hela yake umuuzie aliyesafishwa tangini, hapo usifanye mkato.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mtu wa Mombasa, mume kaletwa kazi Kampala. Nataka kuwafanyia majirani samaki wa kupaka lakini changu na tasi wetu sipati hapa, na nikiwapata wa friza wananuka. Je ngege atakubali nazi? (Bi harusi wa Makindye)

JIBU: Marahaba mwanangu, karibu Uganda. Atakubali sana. Samaki wa bahari ana kitu ndani ya nyama yake kinachomsaidia kwenye chumvi ya bahari, akifa vijidudu vinakigeuza na ndio shombo lile zito unalolijua, samaki wengi wa maji baridi wanacho kidogo sana, na huyu ngege wetu akiwa freshi ni mpole wa ladha. Ila upole huo una upande wake, ukimzidishia ukwaju na pilipili na bizari kama unavyofanya kwa changu hutamsikia tena, utakula mchuzi tu. Punguza viungo nusu. Tui liwe zito, lichemshe na kitunguu saumu, tangawizi, ukwaju kidogo mpaka ligande kwenye kijiko, na ubanike ngege mkavu kwanza mpaka aive karibu kabisa, paka lile tui dakika tano za mwisho tu akiwa upande wa makaa machache. Ukipaka mwanzo nazi inaungua na kuwa chungu. Na ndimu usimlowekee usiku kucha kama nilivyoona watu wanafanya, dakika 15 mpaka 20 inatosha, zaidi ya hapo tindikali inaipika nyama ikiwa mbichi, inakuwa nyeupe na ya unga unga, ukimweka kwenye wavu anamomonyoka.

SWALI: Niko Arua. Samaki tunanunua Panyimur na tunasafiri naye kwenye taksi masaa kadhaa na jua letu unalijua. Akifika ameshaanza kunuka. Na angara anafaa kubanika? (Baba wa watoto watano)

JIBU: Ndugu yangu, nyie mna bahati, mputa ni mwenyeji wa Ziwa Albert na Nile tangu zamani, huku kwetu Victoria aliletwa miaka ya 1950. Angara ni mtamu lakini ana miiba midogo midogo mingi, mwache abaki kwa mchuzi wa simsim mnaoujua nyie, wa kubanika chukua mputa au ngege.

Kuhusu safari, kinachomuua ni utumbo na joto. Mwambie muuzaji atoe utumbo na matamvua hapo hapo ziwani, osha kwa maji safi, na beba kasha la friji lenye barafu, hata ndoo yenye mfuniko ukiizungushia gunia lililoloa ni bora kuliko kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Barafu chini, samaki, barafu juu, na tumbo lake lijazwe barafu pia. Toboa tundu chini maji yatoke, samaki akiogelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka na damu yake ndio anaharibika. Ukigandisha nyumbani, siku ya kubanika mtoe usiku ayeyuke ndani ya friji kwenye sahani, sio juani, na umfute vizuri kuliko wa freshi kwa sababu wa friza anatoa maji mengi.

SWALI: Nitajuaje ameiva bila kumvunja vunja? Nina watoto naogopa kuwapa mbichi. (Mama, Mbale)

JIBU: Ingiza ncha ya kisu kwenye ule mkato ulio nene zaidi, karibu na kichwa, ufike mfupa. Nyama ikiwa imekuwa nyeupe kabisa na inaachia mfupa bila kubembelezwa ameiva, ikiwa bado kama kioo na ina rangi ya waridi kwenye mfupa mrudishe. Mwenye kipima joto cha nyama atafute nyuzi 63 pale katikati. Na ndiyo mama, samaki wa maji baridi mbichi anaweza kuwa na minyoo, kwa watoto hakuna kujaribu.

SWALI: Salaam mama. Sisi tuko kambini, hatuna wavu wala sufuria nzuri, makaa tunayo na migomba iko kila mahali. Jamaa wameleta ngege wanne wazuri. (Afande)

JIBU: Afande, hamhitaji wavu. Kata majani mapana ya mgomba, toa ule uti mgumu wa katikati, yapitishe juu ya moto haraka haraka mpaka yang'ae na kulainika, yasipobabuliwa yanapasuka mkikunja. Kila ngege mpake chumvi, mtie nyanya na kitunguu tumboni na ndimu vipande viwili, mfunge kwenye majani matatu yakipishana kama mnavyoona luwombo inavyofungwa, kaza kwa kamba ya mgomba wenyewe. Laza kwenye makaa yaliyovaa majivu, dakika 12 mgeuze, 12 nyingine. Jani la nje litaungua kabisa liwe jeusi, la pili litakuwa la kahawia na la ndani bado kijani, hapo mtoe mumfungue pembeni ya moto, na ule mchuzi uliobaki ndani ya jani usimwagike, chovyeni posho, yaani ugali.